Uaminifu katika Maisha ya Mkristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Mkristo ambaye hahitaji tena kuambiwa kwamba uaminifu ni mzuri, ila anataka kujua unafanywaje Jumatatu asubuhi, mbele ya kisanduku cha sadaka, ndani ya ndoa, au baada ya kuanguka. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujikwaa.

Uaminifu ni nini, na unatofautianaje na imani?

Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Imani, amini, mwaminifu, amana na hata "amina" tunayoitikia mwisho wa sala ni maneno ya ukoo mmoja, na maana iliyo chini yao wote ni kitu kilicho imara kiasi cha kuegemewa. Katika Kigiriki cha Agano Jipya neno *pistis* hubeba maana zote mbili: kumwegemea Mungu, na kuwa mtu anayeweza kuegemewa. Ndiyo maana katika Wagalatia 5:22 neno hilohilo linalotafsiriwa "imani" mahali pengi linasomeka "uaminifu".

Neno la Kiebrania *emuna* limetumika mahali pamoja pa kupendeza sana, Kutoka 17:12. Waisraeli wanapigana na Amaleki, Musa amechoka, mikono inashuka. Haruni na Huri wanamketisha juu ya jiwe, kila mmoja anashika mkono wake upande wake, na mikono ile inakuwa thabiti mpaka jua linatua. Uthabiti huo ndio *emuna*. Tazama kwamba Musa hakuupata kwa kujikaza peke yake: kulikuwa na jiwe, na kulikuwa na ndugu wawili. Tutarudi kwenye jambo hilo mara kadhaa.

Je, uaminifu wangu ndio unaoniokoa?

Hapana. Mungu ndiye aliyetangulia kuwa mwaminifu. Maombolezo 3:22-23 yanasema rehema zake ni mpya kila asubuhi, na maneno hayo yaliandikwa Yerusalemu ikiwa magofu, si wakati wa shibe. Uaminifu wetu ni tunda la Roho, na tunda huota kwenye mti ulio hai; haliufanyi mti uishi. Anayegeuza utaratibu huu huishia pabaya kwa njia mojawapo kati ya mbili: akifaulu anajivuna na kuwadharau walioanguka, akishindwa anaacha kabisa kusali kwa aibu.

Kwa nini Yesu anatilia mkazo mambo madogo?

Kwa sababu ndogo na kubwa hutoka moyo uleule. "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia" (Luka 16:10). Jambo dogo lina sifa moja ambayo kubwa haina: hakuna anayelitazama. Mtu akihubiri mbele ya watu elfu, macho ya watu humsaidia kujiandaa. Akiahidi kumwombea mgonjwa nyumbani kwake saa tatu usiku, hana shahidi ila Mungu.

Mfano wa talanta (Mathayo 25:14-30) husomwa vibaya mara nyingi, kana kwamba yule wa talanta moja alipewa kitu kidogo. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja (Mathayo 20:2). Kwa siku 300 za kazi kwa mwaka, hiyo ni mishahara ya miaka 20. Hakupewa kidogo. Tena hakuiba wala hakupoteza. Alirudisha yote, na bado akaitwa mtumwa mbaya na mlegevu. Sikiliza sababu yake: "Nalitambua ya kuwa wewe u mtu mgumu." Tatizo lake lilianza kwenye mawazo yake juu ya bwana wake. Anayemwona Mungu kuwa mkali anayevizia makosa hatathubutu kumtumikia, atafukia tu. Na wale wawili, wa tano na wa mbili, waliambiwa maneno yaleyale, neno kwa neno (mstari wa 21 na wa 23). Bwana hakulinganisha faida zao.

Nifanyeje ili nidumu katika sala na kusoma Biblia? Kila mara naanza kisha naacha.

Wengi huacha kwa sababu wanaanza na kiasi kikubwa mno. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu au nne kila siku, na anayeanza Januari mara nyingi hukwama kwenye Mambo ya Walawi. Kama hujawahi kudumu, anza na Agano Jipya: lina sura 260, maana yake sura moja kwa siku tano za juma inamaliza mwaka mzima, na siku mbili zinabaki za kufidia. Anayetaka kukaa kwenye Zaburi asome tano kwa siku, atazimaliza zote 150 kwa siku 30.

Kuhusu sala, chagua dakika 10, uziunganishe na jambo unalolifanya tayari kila siku, kama kuamka au kurudi kutoka kazini. Kaa mahali palepale. Simu iwe chumba kingine. Kuizima sauti peke yake hakutoshi, maana mkono utaifuata. Andika majina ya watu unaowaombea, yasizidi saba, moja kwa kila siku ya juma, uandike na tarehe. Danieli aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na siku amri ya mfalme Dario ilipotiwa sahihi alifanya "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Hakuanzisha jambo jipya siku ya hatari. Mazoea ya miaka ndiyo yaliyompeleka dirishani.

Ukiruka siku moja, endelea na ya leo. Usijaribu kulipa sura za juma zima kwa usiku mmoja, kwa kuwa mzigo huo ndio unaowafanya watu wafunge kitabu mpaka mwaka ujao.

Nimeahidi jambo ambalo sasa naona siliwezi. Nifanye nini?

Ahadi ni deni, na deni linalokushinda hulikimbii, unamwendea aliyekudai. Mithali 6:1-5 inazungumza na mtu aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake, na shauri lake ni la haraka: nenda, jinyenyekeze, kamsihi mwenzako, usiwape macho yako usingizi kabla hujajinasua. Mambo manne yanafuata kutoka hapo:

1. Mwambie mhusika mapema, kabla siku haijafika. Taarifa ya juma moja kabla humpa nafasi ya kupanga upya. Taarifa ya saa ileile ni hasara.
2. Mwambie wewe mwenyewe, kwa sauti, si kwa kumtuma mtu.
3. Sema ukweli mfupi. "Niliahidi zaidi ya uwezo wangu, nisamehe" inatosha. Visingizio virefu huongeza kosa la pili.
4. Pendekeza sehemu unayoiweza, au mtu mwingine, kisha umwachie yeye aamue kama anakufungua.

Akikataa kukufungua, na ahadi si ya uovu, Zaburi 15:4 inamsifu mtu asiyebadili maneno yake ijapokuwa ameapa kwa hasara yake. Utaumia. Mara nyingine uaminifu huumiza.

Kinga ni kupunguza ahadi. Ukiombwa jambo, zoea kusema, "Nitakujibu kesho." Watu wengi wanaoitwa si waaminifu kwa kweli ni wapole wasioweza kukataa, wanasema ndiyo kwa watu kumi na wanawaangusha saba. Yesu aliposema "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo" (Mathayo 5:37), aliihesabu na "siyo" pia.

Je, kila ahadi au nadhiri lazima itimizwe, hata iliyokuwa ya kijinga?

Tofautisha ahadi inayogharimu na ahadi inayotenda dhambi. Yoshua aliwaapia Wagibeoni baada ya kudanganywa, kwa mikate iliyokauka na viatu vilivyochakaa, kwamba wametoka nchi ya mbali (Yoshua 9), na hata hivyo kiapo kilishikwa. Vizazi vingi baadaye Sauli alipokivunja, nchi ilipata njaa miaka 3 (2 Samweli 21:1-2). Gharama, basi, si sababu ya kuvunja.

Lakini Herode aliyemkata Yohana Mbatizaji kichwa "kwa ajili ya viapo vyake" (Marko 6:26) hakuwa mwaminifu. Aliongeza uuaji juu ya ulimi mwepesi. Hali kadhalika wale zaidi ya 40 walioapa wasile wala kunywa mpaka wamuue Paulo (Matendo 23). Walawi 5:4-6 ilimpa njia mtu aliyeapa bila kufikiri: akiri, alete sadaka ya hatia. Ahadi ya uovu hutubiwa, haitimizwi. Yeftha, aliyeweka nadhiri ya kumtoa sadaka atakayetoka nyumbani mwake kumlaki, angejua hilo, binti yake asingeingia katika habari ile ya Waamuzi 11.

Fedha za kanisa zishughulikiwe vipi ili hata mtu mwaminifu asitiliwe shaka?

Hapa kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: "Huyu ni mtu wa Mungu, tukimkagua tutakuwa tumemvunjia heshima." Biblia inafanya kinyume. Ezra, akisafirisha mali ya hekalu, aliwachagua makuhani 12, akawapimia kwa mizani talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, dhahabu talanta 100, na mabakuli 20 ya dhahabu (Ezra 8:24-27). Walipofika Yerusalemu, siku ya nne, vyote vikapimwa tena, na uzani wote ukaandikwa (8:33-34). Aliwaambia "ninyi ni watakatifu kwa BWANA", na bado vikapimwa. Mizani ile iliwalinda makuhani kuliko mtu mwingine yeyote: hakuna aliyeweza baadaye kunong'ona kwamba kitu kilipungua njiani.

Paulo vivyo hivyo. Changizo la kwenda Yerusalemu hakulibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, akitaka mambo yawe mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8:18-22).

Kwa vitendo, inatosha kushika haya:

- Sadaka ihesabiwe siku ileile, ndani ya jengo, na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja. Mifuko isiende nyumbani kwa mtu, hata kwa usiku mmoja.
- Waandike jumla kwenye fomu yenye nakala mbili, wote watie sahihi. Nakala moja kwa mweka hazina, nyingine kwa mtu tofauti, kama karani au mzee wa kanisa.
- Fedha yote ipelekwe benki kama ilivyo, siku ya kwanza ya kazi. Malipo yasifanywe kutoka kwenye sadaka mbichi. Hapo ndipo hesabu huanza kupotea, hata bila mwizi.
- Anayeidhinisha matumizi asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe peke yake anayeandika daftari.
- Kila mwezi daftari la fedha lilinganishwe na taarifa ya benki. Tofauti, hata ndogo, itafutwe mwezi huohuo.
- Mchango uliotolewa kwa kusudi maalumu usikopwe kwa kusudi jingine. "Tutarudisha" ndilo neno lililoharibu majengo mengi ambayo hayajaezekwa.

Wapo wanaotaja 2 Wafalme 12:15, kwamba wasimamizi wa mafundi hawakuulizwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Isome kuanzia mstari wa 4. Makuhani walikuwa wamekusanya fedha mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi, na mabomoko ya hekalu hayakutengenezwa. Ndipo likawekwa kasha lenye tundu kwenye kifuniko, na fedha zikahesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili tofauti, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, kabla hazijatoka. Mstari wa 15 unakuja baada ya hayo yote.

Nimeshatumia fedha isiyo yangu. Je, kutubu kwa Mungu kunatosha?

Toba ya kweli hugusa mfuko. Sheria katika Walawi 6:1-7 ilitaka mtu arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano, siku aonekanapo kuwa na hatia, na hapo ndipo alete sadaka yake. Ukichukua 500, unarudisha 600. Zakayo alikwenda mbali zaidi, akajihukumu kulipa mara nne (Luka 19:8). Mkristo hafungwi na asilimia ile kama sheria ya hekalu, lakini utaratibu wake ni mzuri na tunaupendekeza: kwanza ungama kwa uliyemkosea, kisha kubaliana naye kiasi na tarehe kwa maandishi, kisha lipa hata kidogo kidogo bila kuruka mwezi. Kurudisha kimyakimya kwenye sanduku bila kuungama huziba tundu la hesabu, ila humwacha mwenzako anayeshukiwa bado anashukiwa.

Uaminifu kazini ukoje, hasa bosi akiwa si mwema?

Danieli alitumikia wafalme waliouharibu mji wake na waliowafuata, na wakuu na maliwali 120 walipomchunguza hawakupata kosa wala hatia (Danieli 6:4). Saa za kazi ni mali ya mwajiri. Ripoti ya safari isiyofanyika ni wizi hata kama kila mtu hufanya hivyo. Lakini bosi akikuamuru kughushi, kataa kwa adabu, weka kumbukumbu ya maandishi, na uwe tayari kwa matokeo.

Ninawezaje kuilinda ndoa kabla hatari haijafika?

Usaliti wa ndoa huanza mbali na kitanda. Kwa kawaida huanza na mtu mmoja anayesikiliza vizuri, na malalamiko juu ya mwenzi wako ambayo mwenzi mwenyewe hajayasikia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: shida ya ndoa usiisimulie kwa mtu unayevutiwa naye. Alama ya hatari iko wazi, nayo ni ujumbe unaoufuta kabla ya kufika nyumbani. Ukijikuta unafuta, umeshavuka mpaka. Kata mazungumzo leo, na umwambie mtu mzima wa imani, wa jinsia yako, atakayekuuliza tena juma lijalo.

Mke wa Potifa alisema na Yusufu "siku baada ya siku" (Mwanzo 39:10), na Yusufu hakukataa kulala naye tu, alikataa hata kuwa pamoja naye. Siku alipobanwa alikimbia na kuacha vazi. Watu husifu mbio ile, lakini ule umbali wa kila siku ndio uliompa nguvu ya kukimbia.

Jambo moja lisichanganywe na uaminifu: kukaa kimya ndani ya nyumba mtu anapopigwa. Nadhiri ya ndoa haimpi mtu ruhusa ya kumjeruhi mwenzake. Aliye hatarini aondoke mahali pa hatari kwanza, pamoja na watoto, atafute msaada wa sheria na wa matibabu. Mazungumzo ya upatanisho yatafanyika akiwa salama. Mchungaji anayemrudisha mtu kwenye kipigo kwa jina la uaminifu anakosea vibaya.

Nimeambiwa siri. Je, kuna wakati wa kuisema?

Mithali 11:13 inamsifu mwenye roho ya uaminifu anayesitiri mambo. "Tumwombee fulani" isiwe mlango wa umbeya: mwombee bila kueleza kisa. Lakini siri ya mtoto anayedhulumiwa, au ya mtu anayepanga kujidhuru au kumdhuru mwingine, haisitiriwi. Ipeleke kwa wanaoweza kumlinda, na umwambie aliyekuambia kwamba unafanya hivyo. Ni heri kusema tangu mwanzo, kabla hajafungua kinywa, "Sitaahidi kunyamaza kama kuna mtu hatarini."

Nimekuwa si mwaminifu, na watu wanajua. Je, naweza kurejeshwa?

Ndiyo. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa (Yohana 18:18), na kwenye moto mwingine wa makaa aliulizwa mara tatu, "Wanipenda?" (Yohana 21:9-17). Yohana Marko aliwaacha wenzake huko Perge (Matendo 13:13), Paulo akakataa kumchukua tena, mpaka akatengana na Barnaba. Miaka baadaye Paulo huyohuyo aliandika, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11).

Elewa tu kwamba msamaha na kuaminiwa ni vitu viwili. Msamaha hutolewa siku moja. Kuaminiwa hujengwa upya kwa muda, na aliyeumizwa ndiye mwenye saa. Usiseme, "Si umenisamehe? Mbona bado unauliza?" Mtu aliyeharibu fedha asirudishwe kwenye hazina, apewe kazi nyingine, hiyo ni huruma kwake pia. Jibu maswali yaleyale bila kukasirika. Fungua ulichokuwa unaficha kabla hujaombwa.

Mbona waaminifu wengine huteseka na hawaoni matunda?

Yusufu alikuwa na miaka 17 tunapokutana naye, muda mfupi kabla ya kuuzwa, na 30 aliposimama mbele ya Farao: karibu miaka 13, na miwili kati ya hiyo alikuwa amesahauliwa na mtu aliyemsaidia. Yeremia alihubiri miaka 23 na akasema wazi kwamba hawakumsikiliza (Yeremia 25:3). Mmisionari Mmarekani Adoniram Judson alifika Burma (leo Myanmar) mwaka 1813 na mtu wa kwanza alibatizwa 1819. Kanisa la Smirna liliambiwa liwe aminifu hata kufa (Ufunuo 2:10), na askofu wake Polikarpo, katika karne ya 2, alipoamriwa amkane Kristo alijibu kwamba amemtumikia miaka 86 wala hajatendewa ubaya wowote. Akauawa.

Kinachotakiwa kwa mawakili ni mtu "aonekane kuwa mwaminifu" (1 Wakorintho 4:2). Mavuno ni kazi ya Mungu, na hutoa kwa wakati wake, mara nyingine baada ya mpanzi kuzikwa.

Nianzie wapi juma hili?

Chukua karatasi. Andika kila ahadi uliyoitoa na hujaitimiza, pamoja na jina la uliyemwahidi: kitabu ulichoazima, deni, ziara, simu uliyosema utapiga, sala uliyoahidi kuomba. Usipange kwa ukubwa, panga kwa tarehe. Anza na ya zamani kuliko zote, hata kama mwenye nayo amekwisha kusahau, na umpigie leo.